Tumpeleke wapi mwezi wa sita?

Baba Nasra anajibu barua za wasomaji

SWALI: Baba Nasra, habari za siku. Binti yetu Latifa ana miaka mitano, yuko chekechea. Likizo ya mwezi wa sita mwaka jana tulimpeleka kwenye kiwanja kimoja cha michezo ya kulipia. Tuliingia saa tano, kila mchezo una foleni yake na bei yake, na ilipofika saa nane tulikuwa tumemaliza zaidi ya shilingi 90,000. Mtoto akaanza kulia, anataka nyumbani. Mume wangu alikasirika sana, akasema huyu hana shukrani na safari zimeishia hapo. Yeye ni fundi magari, anapumzika Jumapili tu. Sasa likizo imefika tena na Latifa ananiuliza kila asubuhi tunakwenda wapi. Sina la kumjibu. (Mama Latifa, Tabata)

JIBU: Mama Latifa, mimi ningeanzia Feri, pale penye kivuko cha kutoka mjini Dar es Salaam kwenda Kigamboni.

Juni 2023 Nasra wangu alikuwa na umri huo huo. Mama yake ni muuguzi, anafanya kazi kwa zamu, na Jumapili moja tukajikuta wote watatu tuko nyumbani, mfukoni hamna kitu cha maana. Tukaamua kumvusha kwenda Kigamboni, basi. Nauli ya kivuko ilikuwa shilingi 200 kwa mtu mzima. Tulifika kabla ya saa tatu, jua bado la asubuhi, tukasimama ubavuni karibu na reli. Magari yakaingia, zikaingia bajaji, likaingia guta limebeba magunia ya mkaa, na mzee mmoja na baiskeli yenye kuku wanne. Lango la chuma lilipoinuliwa na chombo kikaanza kuachana na nchi kavu, Nasra alinishika mkono akauliza, "Baba, barabara imekwenda wapi?"

Nimevuka pale miaka na miaka, mchana na usiku, nimevuka nikiwa nasinzia, na sikuwahi hata siku moja kuiona barabara ikikatika. Siku hiyo niliiona.

Katikati ya maji tukasubiri kidogo, meli ya makontena ilikuwa inaingia bandarini. Pale mlango wa bandari ni mwembamba, meli inapita karibu mpaka unaona mabaharia wameegemea juu. Nasra hakusema neno. Alifungua mdomo tu akaufuata ule ukuta wa chuma kwa macho mpaka ukaisha. Tulipofika ng'ambo tulinunua machungwa ya kumenywa, tukakaa kwenye kivuli tukiangalia vyombo. Akaomba kuvuka tena. Tukavuka. Akaomba tena. Tulivuka mara nne siku ile, na kwa watu wazima wawili hesabu yake ni shilingi 1,600. Saa sita tulikuwa tumeshapanda daladala ya kurudi, naye amelala mapajani kwa mama yake, kiganja bado kinanuka chungwa.

Nakusimulia haya kwa kirefu kwa sababu ya lile neno la mume wako. Latifa hakukosa shukrani. Mtoto wa miaka mitano aliyesimama foleni tangu saa tano mpaka saa nane, juani, kwenye spika na makelele, huku kila mchezo ukiisha kabla hajaushika vizuri, amefanya kazi kubwa kuliko uwezo wake. Kile kilio kilikuwa cha kuchoka. Nadhani hata baba yake alichoka, na uchungu wa fedha ukaongezea hapo. Namwelewa. Fedha ya gereji inatoka kwa jasho, na mtu akiimwaga yote siku moja anategemea kuiona imerudi kama kicheko usoni kwa mwanawe.

Kwa hiyo Jumapili hii mpe yeye kazi ya kuongoza. Fundi magari kwenye kivuko ni mtu mwenye mengi ya kusema. Amwoneshe Latifa moshi unatoka wapi, amwekee mkono kwenye reli ausikie mtetemo wa injini, amweleze kwa nini malori hupangwa yasielemee upande mmoja. Mtoto anayefundishwa kitu na baba yake, kitu ambacho baba mwenyewe anakipenda, hatamani bembea ya kulipia.

Mkirudi upande wa mjini, kama bado ana nguvu, piteni soko la samaki pale pale jirani. Mvalishe raba zisizoteleza, sakafu ina maji. Aangalie mnada, aone ngisi na pweza na jodari mkubwa kuliko yeye. Asishurutishwe kugusa.

Jumapili inayofuata nendeni Kijiji cha Makumbusho, kile kilichokipa jina kituo cha daladala cha Makumbusho. Kipo tangu miaka ya 1960, na ndani yake zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali. Watu wengi wanazipita zote kwa nusu saa kama wanaokagua, wanatoka wakisema hakuna kitu. Sisi tulichagua mbili tu: msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo. Kwenye msonge Nasra aliingia, akatoka, akaingia tena, maana ndani kuna giza na ubaridi na harufu ya nyasi kavu, na nje kuna mwanga mkali. Akaniambia nyumba hii imevaa kofia mpaka miguuni. Kwenye tembe akataka kujua kwa nini paa limelala, nikamweleza kwamba Ugogoni mvua ni chache, paa la udongo linaweza. Hizo nyumba mbili zilitutosha asubuhi nzima. Nyingine zinasubiri likizo zijazo, hazina haraka.

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ningeyaacha mpaka afike miaka sita au saba. Nasra tulimpeleka akiwa na sita. Tulipofika kwenye habari za Zinjanthropus, lile fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, alisikiliza vizuri kisha akauliza, "Mama yake huyo alikuwa wapi?" Mpaka leo sijapata jibu zuri la swali hilo.

SWALI: Ndugu Baba Nasra, nina binti wa miaka minne, anaogopa bahari. Tunakaa karibu na ufukwe lakini nikimbeba kuingia naye anapiga mayowe mpaka watu wanageuka. Kaka yangu ananiambia nimtumbukize mara moja tu, atazoea. Nifanyeje? (Baba Imani, Tegeta)

JIBU: Baba Imani, tafadhali usimtumbukize. Umsalimie kaka yako, lakini kwa hili asikusukume.

Mimi nimekulia Mafia. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mchokoaji pweza, na kila bamvua, maji yanapopwa sana, alitoka na kijiti chake na kikapu, sisi wajukuu nyuma yake. Sasa ninapokumbuka naona kwamba hakuna aliyetutambulisha kwa bahari ikiwa imejaa. Tuliijua kwanza ikiwa imeondoka. Tulitembea juu ya sakafu yake, tukajua wapi kuna shimo, wapi kuna majani, wapi mchanga unazama, na maji yaliporudi yalikuwa yanafunika mahali tunapopajua. Mawimbi hayakututisha kwa sababu tulijua chini yake kuna nini.

Fanya hivyo na Imani. Tafuta siku ya bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu za baada yake. Kwenye pwani yetu hii, siku hizo maji hupwa sana wakati mzuri kabisa kwa mtoto, baina ya saa nne na saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata yanachelewa karibu dakika 50. Tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, kwa hiyo ufukwe unaoujua wewe unageuka uwanja. Ukienda siku za maji mafu, karibu juma moja baadaye, asubuhi utakuta bahari imejaa na hutaona chochote. Kama huna hakika, muulize mvuvi yeyote. Akikuambia "kesho maji yatapwa saa nne", amini. Tena mwezi wa sita upepo wa kusi huwa na nguvu zaidi mchana, kwa hiyo asubuhi ndiyo yako.

Nenda saa moja kabla maji hayajafika chini kabisa. Mvalishe viatu vya raba vilivyofungwa, ndala zitabaki kwenye tope. Umpe kikopo cheupe, cha majarini kinafaa, achote maji kwenye vidimbwi na kuangalia ndani. Humo atakuta visamaki vidogo kama sindano, kaa waliobeba makombe ya wenzao, jongoo bahari amelala kama soksi iliyojaa mchanga. Mkikuta kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota, mwache amhesabu miguu. Nasra alihesabu mitano, akaenda kwa mwingine akahesabu tena kuhakikisha.

Wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba mirefu usiwasogelee, mwiba wao ukiingia kwenye kisigino unakatikia ndani. Na makombe yenye umbo la koni, hata yakiwa mazuri namna gani, asiyaokote. Wengine ndani yake wako hai na wanachoma kwa sumu kali. Vingine vyote aviangalie na aviache. Nasra siku ya kwanza alitaka kwenda na kiti cha pweza nyumbani kwenye kikopo, akalia nilipomkatalia. Nikamweleza alivyokuwa akifanya bibi: jiwe ukiligeuza kutazama chini yake, lirudishe kama lilivyokuwa, maana hilo ni paa la mtu. Akaenda akarudisha mawe yote, hata ambayo sisi hatukuyagusa.

Sasa kuna jambo moja lazima nikwambie, maana lilinipata mimi, mtoto wa pwani. Mwaka jana Kunduchi nilinogewa. Maji yalishafika chini nikaona muda bado upo, tukasogea mpaka karibu na miamba ya mbele. Maji ya pwani hii hayarudi kwa mstari mmoja kama wengi wanavyodhani. Yanaingia kwanza kwenye mikondo, yanakuzunguka kwa nyuma wakati wewe unaangalia mbele. Nilipogeuka, kati yetu na ufukwe palikuwa na mfereji wa maji yanayokwenda kasi. Nilimpandisha Nasra mabegani nikavuka, yakafika mapajani. Yeye alifurahi, alidhani ni mchezo. Mimi miguu ilikuwa inatetemeka, na usiku ule sikulala vizuri. Tangu siku hiyo nina sharti: maji yakifika chini kabisa, sisi tunageuza uso nchi kavu, hata kama mbele kuna nini.

Imani asipotaka kulowa siku ya kwanza, sawa. Siku ya pili atalowa vidole. Baada ya bamvua tatu au nne, maji yakianza kurudi taratibu, kaa naye mchangani wacha yamfikie yenyewe. Uwe karibu, mkono wako awe nao. Akikimbia, kimbia naye.

Kuhusu visiwa, kwa kuwa uko upande huo utavutiwa na Mbudya: subiri afike miaka sita. Mkienda, muwahi boti za asubuhi, na asipande bila jaketi okozi linalomkaa mwilini. Likiwa la mtu mzima, shukeni.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama mtu mzima wa Mbagala. Mjukuu wangu wa miaka saba ameletwa kwangu likizo hii na anataka kupanda treni ya umeme. Nina hofu na umri wangu. Naweza kwenda naye Morogoro na kurudi siku hiyo hiyo? (Bibi Salma)

JIBU: Shikamoo bibi. Unaweza, na nakuombea uende.

Treni hiyo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Sisi tulipanda Agosti ile ile. Mimi nililipa shilingi 13,000 na Nasra nusu yake. Safari haifiki saa mbili. Kuhusu umri, kuna viti vizuri, kuna vyoo, na huyumbi kama kwenye basi. Kinachochosha ni stesheni yenyewe, ni kubwa, kuna kutembea na kukaguliwa. Kwa hiyo fika mapema sana, usikimbizane, na beba kitambulisho chako. Kata tiketi ya kwenda na ya kurudi siku kadhaa kabla, maana wakati wa likizo nafasi zinajaa.

Omba kiti cha dirishani kwa ajili yake. Baada ya Pugu nyumba zinaanza kupungua, kisha mnavuka Mto Ruvu, kisha mbele kabisa milima ya Uluguru inatokea kama wingu ambalo halisogei. Nasra alibishana nami kwamba ni mvua inakuja. Tulipofika karibu akanyamaza, akasema, "Kumbe ni mlima mzima."

Morogoro usimzungushe. Stesheni iko nje kidogo ya mji. Chukueni bajaji mpaka sokoni, aone karoti na kabichi na ndizi zinazoshushwa kutoka milimani, mle chakula, mnunue nanasi la kurudi nalo, mrudi stesheni mapema. Siku imejaa.

Lakini bibi, una kitu ambacho mimi sikuwa nacho cha kumpa mwanangu. Wewe bila shaka ulipanda gari moshi la reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa hapa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Msimulie mkiwa ndani ya treni. Mlibeba chakula gani, mlilala wapi, ilisimama wapi katikati ya usiku, watu walikuwa wakiuza nini madirishani. Mwambie na yale unayodhani hayana maana. Bibi yangu alinisimulia mengi ya pweza, hakunisimulia alifikaje bara mara ya kwanza, na sasa hayupo wa kumuuliza.

SWALI: Binti yetu, miaka minne, kila tukipanda gari anatapika. Tumeacha kutoka. (Mama Neema, Kibaha)

JIBU: Pole sana, mama. Msiache kutoka. Asipande na tumbo tupu wala na tumbo la chai ya maziwa. Mpe mkate mkavu au kiazi kidogo nusu saa kabla. Akae dirishani upande wa mbele, dirisha wazi, atazame mbali barabarani, asitazame simu hata kidogo. Nasra alikuwa hivyo hivyo. Tulimkwangulia ganda la ndimu, akawa analinusa njia nzima. Beba mfuko mgumu usiovuja, kitambaa chenye maji, na nguo ya kubadilisha mahali unapoweza kuifikia bila kufungua begi lote. Akitapika, mfute, msimgombeze. Anza na safari za vituo vitatu vinne, mshuke, mpumzike, mrudi. Ikiendelea hata safari fupi, mpelekeni kwa daktari.

SWALI: Baba Nasra, je, ni sawa kumpeleka mtoto wa miaka sita Sabasaba? Mimi na mke wangu tunabishana. (Baba Jonathan na Grace, Mwenge)

JIBU: Ni sawa, ila nendeni siku ya kazi, asubuhi. Maonyesho huanza tarehe 28 Juni, na ile tarehe 7 Julai yenyewe waachieni wenye nguvu.

Tulikwenda mwaka 2024. Niliachia mkono wa Nasra ili nitoe fedha ya maji ya kunywa, nikapokea chenji, nikageuka, hayupo. Sijui nieleze vipi. Sauti za watu zote zinakwenda mbali na unabaki unasikia moyo wako tu. Nilikimbia upande mmoja, nikarudi, mama yake akakimbia upande mwingine. Kila gauni la njano lilikuwa lake, na halikuwa lake.

Asubuhi ile, kabla hatujatoka nyumbani, mama yake alimwandikia namba zetu za simu mkononi kwa kalamu ya wino, ndani ya kiwiko. Akamwambia: ukitupoteza, usitutafute, simama hapo hapo, na ukiogopa mfuate mama mwenye mtoto. Mimi niliona ni maneno mengi kwa mtoto anayetaka kwenda kutembea. Baada ya dakika kama kumi na moja simu yangu iliita, namba nisiyoijua. Alikuwa mama anayeuza bisi, ana mtoto mchanga mgongoni. Nasra alimwendea akamnyooshea mkono wenye namba, hakusema neno.

Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, bisi mkononi, analia kidogo kidogo huku anakula. Yule mama hakutaka fedha ya zile bisi. Tulinunua mifuko mingine minne kwake, tukarudi nyumbani, na usiku ule Nasra hakukubali kuoga mkono ule, akisema namba zitafutika.

Basi, baba Jonathan na Grace, chukueni kalamu ya wino.